Adapta ya Pete Mbili

Roselida wangu,

Usishtuke ukiona mwandiko huu. Ni mimi mwenyewe, Mama Ben, na hakuna mtu ananishikia kalamu. Mwaka wa pili huu niko ngumbaru, ile shule ya watu wazima, hapa kanisani Kawangware. Mwalimu ametuambia kila mtu aandike barua kwa mtu anayempenda. Wenzangu wameandikia mabwana zao. Mimi nimeona nianze na wewe, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa unanisomea barua za nyumbani pale mlangoni kwetu Gatwekera, kule Kibera, na majibu unaandika wewe, na kuongeza maneno ambayo sikuyasema. Mama yangu aliwahi kujibu ati amefurahi kusikia nimenona. Mimi, kunona! Kumbe ni wewe. Kwa hivyo barua hii sitampa mwalimu. Yeye nitamwandikia nyingine fupi ya kumsalimia dada yangu.

Habari kubwa kwanza, nisije nikazunguka hadi karatasi iishe. Nafula wako amejifungua. Msichana! Ana nywele nyingi kama amevaa kofia, na mdomo ni ule wako, hata akilala unabaki wazi kidogo kama mtu anayengoja nafasi ya kujibu. Jina ni Roselida, hatukuulizana mara mbili. Bwana yake anafanya kazi Webuye, kijana mpole, anakula chochote unachomwekea. Nafula alikuja kuzalia kwangu, akasema hawezi kuzaa mahali mimi sipo. Nikajifanya namgombeza, safari yote hiyo na tumbo hilo, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu.

Tulihama Gatwekera, hilo hulijui. Sasa tuko Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, kwa ploti ya nyumba za kukodisha ya mzee mmoja mwenyeji wa hapa hapa, mtu wa kanisa, mkali kwa mambo ya maji na stima. Ndiyo, Roselida, stima! Balbu iko katikati ya nyumba. Siku ya kwanza nilikaa chini yake nikaangalia mikono yangu, nikaona kumbe nimezeeka. Lakini hiyo ni ya balbu tu. Soketi ya ukutani mzee anaifungua Jumapili mchana tu, akitoka kanisani. Ikifika hapo ploti yote inapiga pasi.

Sasa sikiliza. Siku ya tatu baada ya mtoto kuletwa nyumbani, alilia kutoka alfajiri mpaka chai ya saa nne. Nafula akamgeuza, akamnyonyesha, akambeba mgongoni, wapi. Mwisho akaniangalia na macho mekundu akaniuliza, "Mama, mimi nikilia hivi, mama yangu alikuwa ananiambia nini?"

Nikafungua mdomo nimwambie.

Nakumbuka ulikuwa na jina lako la kumwita, jina la mzaha, kila mtu kwa laini ya maji alikuwa anacheka. Lakini jina lenyewe lilikuwa limeniponyoka. Nikajaribu kuiga sauti yako, ikatoka yangu. Nikajaribu tena, ikatoka ya dada yangu. Roselida, miaka kumi na minane! Sura yako ninayo, vidole vyako ninavyo, hata ile harufu ya mafuta yako ya nywele. Sauti nilikuwa nimeipoteza. Nafula akaona uso wangu, akasema, "Si kitu, Mama. Si ulisema yuko kwa ile kaseti?"

Na hapa lazima nikuambie jambo ambalo sikukuambia ukiwa hai.

Unakumbuka ile Krismasi kwaya yetu ilienda kuimba kwa Memsaab wangu, yule niliyekuwa namfanyia kazi ya nyumbani kule Lavington? Sisi wa sauti ya kwanza tulisimama kushoto karibu na kabati la vitabu, na nyinyi wa sauti ya pili kulia, karibu na mlango wa jikoni. Bwana yake akaweka maikrofoni mbili juu ya vyuma, moja kila upande, akatunasa kwa ile mashine yake ya kaseti. Wewe ulichelewa kama kawaida, ukaingia tumeshafika katikati ya wimbo, na Nafula mgongoni, ana miezi mitatu.

Wiki hiyo hiyo ulirudi peke yako kuniazima viatu vyangu vya kahawia vya Jumapili. Ulisimama pale mlangoni pa jikoni, ukakataa kukanyaga zulia na matope ya Kibera. Mimi nilikuwa napangusa vumbi kwa kabati, na zile maikrofoni mbili zilikuwa bado zimesimama mahali pake. Tukaongea, tukacheka, ukaenda. Ulipoenda ndipo nikaona taa nyekundu inawaka kwa mashine na magurudumu ya kaseti yanazunguka. Nilikuwa nimefinya kile kidude chekundu na kitambaa changu cha vumbi! Bwana alikuwa ameniambia waziwazi, "Hicho chekundu usiguse, kinafuta." Nikafinya kila kitu mpaka taa ikazimika. Sikumwambia mtu. Nilijua nimefuta wimbo wetu na sauti yako ndani yake.

Miezi miwili baadaye ile homa ikakuchukua. Halafu Memsaab na bwana yake wakarudi kwao, wakaniachia mashine pamoja na ile kaseti, ati ukumbusho. Nikaibeba kichwani mpaka Gatwekera, mahali hata nyaya za stima hazijafika. Imekaa miaka yote hiyo chini ya kitambaa cha kushona kwa mkono, ikibeba vikombe. Na kila mara Nafula akiuliza habari zako nilikuwa namwambia, "Mama yako yuko humo ndani. Siku tukipata stima utamsikia." Sijui ni nini kilinifanya niseme hivyo. Nilikuwa namwahidi mtoto kitu ambacho labda nilikipangusa mimi mwenyewe pamoja na vumbi.

Na sasa stima iko. Na bwana yake Nafula ametuma ujumbe kwamba atakuja kuwachukua, yeye na mtoto, baada ya Jumapili tatu. Ungekuwa mimi ungefanya nini?

Utasema si ningeweka kaseti kwa redio ya jirani. Wee! Redio ya jirani niliiona na macho yangu ikila kaseti ya harusi ya watu, utepe ukatoka nje kama matumbo ya kuku. Nikaapa yako haitaingia kwa mdomo wa redio yoyote isipokuwa ile iliyoinasa.

Basi Jumapili ya kwanza nikatoa vikombe, nikaiosha mashine kama mtoto wa ubatizo, Ben akaingiza waya kwa soketi. Taa ikawaka! Tukaweka kaseti, magurudumu yakazunguka. Kuna kioo kidogo mbele na sindano mbili ndani yake, moja ya kushoto na moja ya kulia, zikaanza kurukaruka. Nafula akashika mkono wangu. Tukangoja. Kimya. Sindano zinacheza, hakuna hata mlio. Nikasema basi, nimeiua. Ben akazunguka nyuma akachungulia, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. "Mama, hii mashine haina spika! Haijawahi kuwa na spika! Inataka zake za pembeni, ama hedifoni."

Miaka kumi na minane, Roselida, nimetunza mashine bubu.

Ben alikuwa na hedifoni, zile za kuvaa kichwani, zilibaki wakati karedio kake ka mfukoni kalipokufa. Tukashukuru Mungu. Lakini kichwa cha waya wake ni chembamba kama msumari mdogo, na tundu la mashine ni pana, kidole changu cha mwisho kinataka kuingia. Kilikuwa kinaning'inia humo kama mguu wa mtoto kwa gumbuti. Ben akasema tutafute adapta, kitu cha kuvalisha kichwa kidogo ili kiwe kikubwa. Saa hizo mzee akafunga soketi.

Wiki hiyo nikaenda kwa fundi wa redio, kibanda chake kiko njia ya kwenda Riruta. Mashine sikubeba, nani anabeba mashine kama hiyo barabarani akijikwaa? Nikafanya vile tulikuwa tunafanya mimi na wewe tukienda kununulia watoto viatu: nikachukua kijiti. Nilikichonga na kisu kidogo kidogo mpaka kikaingia kwa lile tundu sawasawa, halafu nikakifunga kwa leso. Fundi ni mtu mnene, anaongea na watu bila kuinua kichwa. Nikaweka hedifoni na kijiti mbele yake. Akakiangalia. Akainua kichwa.

"Mathe, hii ni nini?"

"Ni kipimo cha tundu."

"Unanunulia redio viatu?"

Wateja wote wakacheka, hata mimi. Lakini hakunifukuza. Akamwaga mkebe mzima wa vidude juu ya gunia, vyeusi na vya fedha, vingine vina kutu. Nilifikiri adapta ni adapta tu. Kumbe kuna zile zinazofanya kichwa kikubwa kiwe kidogo, hizo ni kinyume na ninachotaka, nikakaribia kuchukua moja kwa sababu ilikuwa inang'aa. Fundi akaninyang'anya. "Hapana, wewe unataka mlango mdogo nyuma na mguu mkubwa mbele." Akalinganisha mguu na kijiti changu, akachagua moja, akafuta kutu na suruali yake. Unene ulikuwa sawa kabisa. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepata kazi.

Jumapili ya pili. Adapta ikaingia, ikalia ta! Nikamwambia Nafula acha nisikie mimi kwanza. Alifikiri ni haraka yangu tu, kumbe ni woga. Nikavaa. Roselida, nikatusikia! Wimbo wetu wa Krismasi. Sauti ya kwanza yote iko hapo, na mimi kati yao nikipiga kelele kama mtu ameibiwa kuku. Mbona hamkuniambia naimba hivyo? Lakini nyinyi wa sauti ya pili mko mbali, kama mnaimba nyumba ya tatu. Halafu katikati ya wimbo, ka! ukakatika. Kikaingia kishindo cha kitambaa kwa mbao, na halafu sauti yangu, mimi, nikiongea.

Nasema, "Karibu, ingia." Halafu kimya. Nasema, "Ah, matope ni matope tu, zulia litaoshwa." Kimya. Nacheka. "Na wewe! Na ukiviharibu?" Kimya. Nacheka tena, nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Hapo nikaelewa. Ile siku! Sikufuta tu. Kile kidude chekundu kilikuwa kimetunasa, mimi na wewe. Lakini wewe haupo. Ni mimi tu ninayeongea na mlango. Pale unapojibu panasikika kitu kama mtu aliye chini ya shimo, neno hata moja halishikiki, na sikio langu la kulia halina kitu, limeziba kama limetiwa nta.

Nikatoa hedifoni. Nafula akauliza, "Yuko?" Nikasema, "Ngoja." Akachukua hedifoni akasikiliza mwenyewe, akasikia mtu aliyemlea anacheka na hewa. Akanipapasa bega kama mimi ndiye mtoto. Nilitaka ardhi inimeze.

Lakini unanijua, mimi nikiwa na wasiwasi macho hayatulii. Nilikuwa naangalia kile kioo ili nisimwangalie yeye. Na nikaona kitu. Mimi nikiongea, sindano ya kushoto inaruka. Nikinyamaza, ya kushoto inalala, na ya kulia inaruka. Inaruka, inatulia, inaruka tena, na hedifoni ziko kimya kabisa. Nikasema moyoni, sindano haiwezi kucheza bila mtu kuimba. Kama inaruka, basi kuna mtu anaongea pale. Na mtu huyo hawezi kuwa mwingine, kwa sababu maikrofoni ya kulia ilikuwa mlangoni pa jikoni, na mlangoni ulisimama wewe.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa fundi kabla hajafungua. Aliponiona akasema, "Mathe wa kijiti! Kiatu kimebana?" Nikamwambia, sikio moja limekufa. Akachomeka hedifoni kwa redio yake, akasikiliza huku na huku, akasema ziko sawa, zinaimba pande zote mbili, labda kaseti yangu imeisha upande mmoja, imezeeka. Mteja mmoja akasema ndiyo, huzeeka. Zamani ningeshukuru nikaenda. Siku hiyo nikaweka mkono kiunoni. Nikamwambia, "Sindano ya kulia inacheza. Nimeiona. Mtu wangu yuko ndani, ni mlango wako ndio umefungwa."

Akasema, "Inacheza?" Nikasema inacheza. Akaomba ile adapta, akaigeuza, akajipiga paji la uso. "Nimekupa ya pete moja!" Akanionyesha. Kwa ule mguu wa chuma kuna pete nyeusi, nyembamba kama uzi. Ikiwa pete ni moja, sauti inapita ya upande mmoja tu, ya upande wa pili inafia hapo. Hedifoni zangu zenyewe zina pete mbili, angalia, na mashine ni ya pande mbili, kwa hivyo katikati lazima iwe ya mbili pia. Unene ni ule ule, urefu ni ule ule. Kijiti changu kingejuaje?

Tukainama wote wawili juu ya gunia kuhesabu pete kama watu wanaochambua mchele. Moja, moja, moja, hii imevunjika, moja. Karibu na chini kabisa nikaipata mimi. Mbili! Akaichomeka kwa hedifoni, akaipima kwa mashine ya mtu iliyoletwa kutengenezwa, akanivalisha kichwani mbele ya watu. Sauti ikaingia masikio yote, nikapiga kigelegele. Akakataa kabisa kuchukua kitu. "Nenda ufungulie mtu wako mlango," akasema. Halafu akanifundisha jambo jingine: nyuma ya kaseti kuna vimeno viwili vya plastiki, ukivivunja, hicho kidude chekundu hakiwezi kufuta tena hata ukikalie.

Jumapili ya tatu. Tulikuwa tumekaa karibu na soketi kabla mzee hajatoka kanisani. Mtoto analia, si unamjua sasa, yeye na wewe ni kitu kimoja. Nilimvalisha Nafula hedifoni mwenyewe, nikamwambia, "Wewe kwanza."

Nilikuwa naangalia sindano. Wimbo ulipokatika nikajua umefika mlangoni. Ya kushoto, mimi. Ya kulia, wewe. Nafula akafunika mdomo. Halafu akacheka, Roselida. Akacheka kile kicheko ambacho miaka yote nilidhani amekiokota kwangu. Machozi yanatoka na bado anacheka. Akazivua hedifoni akazishika katikati ya masikio yetu, tukakaa vichwa vimegusana kama vitunguu.

Na wewe huyo. Unaniambia, "Mama Ben, ukipangusa hivyo utafuta mpaka rangi ya kabati." Unaniambia nikupe viatu, miguu yetu ni kijiti kimoja. Nauliza, na ukiviharibu? Unasema, "Nikiviharibu nitakuandikia barua ya kuomba msamaha, halafu nikusomee mimi mwenyewe." Ndiyo maana nilikuwa nacheka! Halafu Nafula mdogo anaanza kulia mgongoni kwako, analia kweli kweli, na wewe unampigapiga, tunasikia kile kiganja, na unasema:

"Nyamaza, Mwenyekiti. Nyamaza. Tumesikia hoja yako, imeandikwa."

Mwenyekiti! Hilo ndilo jina. Nimelitafuta kwa kichwa changu chote na lilikuwa hapo chini ya kitambaa na vikombe. Nafula akaweka hedifoni chini taratibu, akamchukua mtoto aliyekuwa amekunja uso tayari kwa mkutano mwingine, akampigapiga mgongoni. "Nyamaza, Mwenyekiti. Imeandikwa." Sitasema mtoto alinyamaza papo hapo, nitakuwa naongeza maneno kama wewe. Alilia kidogo. Halafu akapiga mwayo.

Juzi bwana yake Nafula alikuja, wameenda. Mashine wamekwenda nayo, nimeifunga kwa blanketi, kwao kuna stima siku zote saba. Vile vimeno vya kaseti nilivunja kwa mkono wangu. Adapta tumeiacha ndani ya tundu lake, Ben ameifunga na uzi ili isipotee. Nakuahidi hakuna kitambaa chochote cha vumbi kitakaribia hapo, na Mwenyekiti huyu mdogo akifika umri wa kuuliza, hataambiwa angoje stima. Atavalishwa masikio yote mawili.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Lakini sina huzuni, usifikirie hivyo. Nimekuwa nikipangusa meza na kucheka.

Kitu kimoja tu kinabaki. Mwisho kabisa wa yale maongezi, ukiwa umeshageuka kwenda, unapaza sauti kutoka nje, "Nitarudisha Jumatatu!" Ulinitumia salamu Jumatatu hiyo, na zote zilizofuata, kwamba bado una safari moja na vile viatu. Halafu homa. Siku ile tulipokuvalisha kwa mazishi mimi ndiye nilifunga kamba, watu wakasema ni viatu vyako, na mimi sikusema kitu.

Roselida, usivirudishe. Tembea navyo.

Wako,
Mama Ben